Nassir Kwenye Rili ya Tatu

Wanangu, Rukia, huyu aniitaye nyanya, ameniambia mko kumi na wawili darasani, nyote mwasomea kutengeneza filamu, na kwamba mwataka mtu mzima aliyekuwa kwenye kazi hiyo awape moyo kidogo. Amekosea mtu. Moyo wa kuwapa sina. Nina kazi niliyoifanya miaka thelathini na moja, nami nitawaeleza ilivyokuwa. La kufanya nayo mtajua wenyewe.

Sikutengeneza filamu hata moja. Nilizikagua. Bohari letu lilikuwa Ganjoni, Mombasa, upande wa kuteremkia Mbaraki, chumba kirefu chenye madirisha juu karibu na dari. Mwenye bohari alikuwa wakala aliyekaa Nairobi, naye alizikodi filamu kutoka kampuni za Amerika. Zilitufikia ndani ya masanduku ya bati, kila filamu imegawanywa kwenye magurudumu matano au sita. Gurudumu moja tuliliita rili. Kabla filamu haijakwenda kuonyeshwa, na kila iliporudi, mimi niliipitisha yote mkononi, futi baada ya futi, kutafuta palipokatika.

Aliyenifundisha ni Bwana Jeevan, mzee wa pale pale Ganjoni, mwembamba, mwenye kikohozi. Siku yangu ya kwanza alinivisha glavu ya pamba, akaniambia nifumbe macho.

"Jicho litakudanganya," alisema. "Jicho lataka kutazama picha. Wewe shika ukingo kwa kidole gumba na hiki cha shahada, halafu zungusha. Kidole kikikwama, simama."

Nilizungusha. Kidole kikapita laini, laini, halafu kikagota. Nikafumbua macho. Kitobo kimoja cha pembeni kilikuwa kimechanika, kidogo kuliko punje ya ufuta. Bwana Jeevan akasema ufuta huo ukipita kwenye mashine ya kuonyeshea, filamu itakatika, watu mia nne watapiga miluzi, na opareta atatukanwa mama yake. Akanionyesha kuunga: unakata baina ya picha na picha, si katikati ya picha, unakwangua ngozi ya rangi mpaka upande ule uwe mweupe, unapaka gundi mara moja tu, unabana na kuhesabu kumi polepole. Mimi nilihesabu kwa haraka. Unganisho langu la kwanza liliachia mbele ya watu, na opareta alikuja hadi bohari kunisalimu kwa adabu zote, akauliza hali ya wazazi wangu, kisha akanitukana.

Kosa langu kubwa la mwaka ule wa kwanza lilikuwa kuchanganya rili. Niliiweka ya tano mahali pa nne. Kwa hiyo mkubwa wa mchezo, yule shujaa wa filamu, aliuawa kwa risasi, akazikwa, halafu akaonekana mzima akicheza dansi na mchumba wake. Nilisubiri nifukuzwe kazi. Hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja wa Bondeni alinisimamisha njiani akaniambia filamu ile ilikuwa na mafunzo mengi ya akhera.

Chekeni tu. Nami nilicheka.

Sasa sikilizeni biashara yenyewe, maana hiyo Rukia asema hamfundishwi. Kampuni ya Amerika haikuuzii filamu. Yakukodisha muda. Ukiitaka filamu moja kubwa ambayo kila mtu aingoja, wapewa pamoja na nyengine tano ambazo hakuna azitakaye, na zote uzionyeshe. Tena kopi iliyotujia sisi haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kufanya kazi miji mingine huko, ikachoka, ikakwaruzwa, ikafupishwa kwa kukatika na kuungwa, ndipo ikapandishwa meli kuja kwetu. Tukawa tunaona mvua kwenye kila filamu, hata ya jangwani. Na muda ukiisha, miaka mitano au sita, kopi haikurudishwa Amerika, kwani nauli ilizidi thamani yake. Wala haikuachwa. Iliharibiwa, mbele ya shahidi, na karatasi ikatiwa saini kwamba imeharibiwa. Walihofia mtu ataiiba na kuionyesha bila ruhusa. Kazi ya kuiharibu ilikuwa yetu. Tulikuwa na gogo uani na shoka.

Bwana Jeevan ndiye aliyekuwa akikata nilipoingia. Baadaye kikohozi kilimzidi, shoka likaja kwangu.

Nilikuwa na kaka mmoja, mdogo kwangu kwa miaka mitatu, jina lake Nassir. Alikuwa utingo wa lori Shimanzi. Kijana mrefu, mwenye kelele, asiyeweza kupita mahali bila kusema neno. Kabla sijaanza kazi bohari, Waamerika walikuja Mji wa Kale kupiga filamu. Walikaa wiki mbili. Walifunga njia, wakaning'iniza vitambaa juu ya vibao vya maduka, kwani kwenye filamu yao Mombasa haikuwa Mombasa, ilikuwa mji fulani wa Arabuni. Waliwavisha watu vilemba vikubwa kama mito ya kulalia. Babu yetu alitoka Hadhramaut, na bibi yetu alipoviona vile vilemba aliuliza kama watu hao waumwa na kichwa.

Nassir walimchukua kwa ajili ya urefu wake. Wakampa dele la kahawa na vikombe, wakamwambia apite kwenye kichochoro mbele ya mkubwa wa mchezo, na aseme neno lolote kwa lugha yake. Wauza kahawa wa kweli walikaa barazani kumtazama, wakakasirika kwa jinsi alivyovigonganisha vile vikombe. Walisema apiga kama mtu avunjaye sahani.

Miezi minne baadaye lori lilirudi nyuma ghalani Shimanzi, na Nassir alikuwa nyuma yake akiliongoza. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nyinyi mna picha zenu elfu na elfu, kwa hiyo hili mlielewe vizuri. Picha ya Nassir ilikuwa moja tu, ile ya kipande chake cha kitambulisho. Alipofariki kipande kilitakiwa ofisini, baba akakipeleka kama alivyoagizwa, na hakuna aliyefikiri kukitoa nakala. Nyumba yetu haikubakiwa na sura yake popote.

Mimi niliajiriwa bohari mwaka uliofuata. Siku moja sanduku lilifika, nikaanza kukagua, na kwenye rili ya tatu nilifumbua macho kwa sababu kidole kilikwama. Nikamwona kaka yangu. Ameinama kidogo, dele mkononi, ageukia upande wangu akicheka.

Bwana Jeevan alikuja akasimama nyuma yangu, akatoa miwani ya kukuzia, akatazama. Nilimwambia ni nani. Aliivua miwani akaipangusa muda mrefu.

"Mwite mama yako," alisema.

Mama hakuwa amewahi kuingia kwenye nyumba ya sinema. Alikuja kwenye onyesho la wanawake, lile la alasiri ya Jumatano, amefuatana na majirani zake wawili, kila mmoja ndani ya buibui lake. Ukumbi ulijaa wanawake na watoto na njugu na mbaazi. Alikaa rili ya kwanza na ya pili, mikono mapajani, kama mtu aliyengoja kwa daktari. Halafu kichochoro chetu kikatokea, mkubwa wa mchezo akaja anakimbia, na Nassir akatoka pembeni na dele lake, akacheka, akasema kwa ile sauti yake ya Shimanzi, "Simameni upande, mutaungua!"

Mama aliinuka. "Nassir! Ndoo!" Alisema hivyo hivyo, kama alivyokuwa akimwita aje, yeye yuko dirishani. Wanawake waliomjua walianza kulia, na wasiomjua wakalia kwa sababu wenzao wanalia. Nassir alikuwa ameshapita.

Niliuhesabu ule mpito mara nyingi. Ni sekunde kumi na moja. Sekunde moja ina picha ishirini na nne, kwa hiyo picha zake ni mia mbili na sitini na nne. Futi kumi na sita na nusu.

Filamu ile ilizunguka miaka, ikaenda Malindi, ikaenda Lamu, ikapanda bara, ikarudi. Kila iliporudi mama alikuja bohari. Bwana Jeevan alimwekea kiti karibu na taa ya meza, nami nilimfungulia rili ya tatu. Alishika miwani ya kukuzia akamtazama mwanawe picha baada ya picha. Alijua ni picha ipi ambayo meno yaonekana, na ipi ambayo jicho moja limefumba. Mimi nilifurahi. Nilidhani kazi yangu imempa mama kitu ambacho hakuna mwanamke mwengine aliyefiwa alikuwa nacho.

Siku moja aliniambia, bila kuinua uso, "Nikatie kijipande."

"Siwezi, mama."

"Kidogo tu. Hivi." Akapima kwa kidole chake.

"Huo ni wizi. Filamu si yetu, ni ya Waamerika."

Aliniangalia. "Na mwanangu pia ni wa Waamerika?"

Nilimjibu kwa ukali, nikamwambia asinitilie doa kazini. Ndiyo kwanza nilikuwa nimekabidhiwa funguo za bohari, mwanamke wa kwanza kuzishika, na wakala wa Nairobi alikuwa amesema mbele ya wote kwamba kwa mikono yangu haipotei hata picha moja. Nililipenda sana neno lile. Nilikuwa nikilirudia njiani nikienda nyumbani.

Muda wa filamu ulipokaribia kwisha, barua ilikuja. Ilitaja filamu nane za kuharibiwa, na ile ilikuwa ya sita. Shahidi angekuja Alhamisi. Jumanne alasiri Bwana Jeevan aliitoa rili ya tatu mwenyewe, akaiweka mbele yangu, akaweka mkasi juu yake.

"Mimi naenda kunywa chai," alisema. "Nitakunywa vikombe viwili. Jicho langu bovu, nikirudi siwezi kujua kama rili imepungua shubiri moja."

Alitoka. Mlango aliufunga polepole.

Nimeifikiria saa ile moja kuliko miaka yote mingine ya kazi yangu. Mkasi ulikuwa pale. Hakuna mtu. Nilichohitaji kilikuwa picha tatu, nne. Nilifungua rili nikamfikia Nassir, nikamtazama, nikaushika mkasi, nikauweka chini. Niliogopa, hilo nakiri. Lakini kilichonishika zaidi hakikuwa woga. Nilijiambia: Amerika wanayo asili yake. Watu waliotengeneza kitu kikubwa namna hii, wenye ghala na makarani na sheria za kuilinda kopi chovu kama hii iliyoko Mombasa, hawawezi kuipoteza filamu yao wenyewe. Huku tunakata kivuli tu. Mwenyewe yuko salama kule.

Nikaizungusha rili, nikaifunga. Bwana Jeevan alirudi. Aliufunga ukanda wa sanduku akaketi.

Alhamisi shahidi alikuja na orodha yake. Alikuwa kijana mpole, aliyetusalimu vizuri na kukubali maji. Rili huikati kwa pigo moja. Unailaza juu ya gogo, unapiga kutoka ukingoni hadi katikati, unageuza, unapiga tena, mpaka inaanguka vipande vipande kama kitunguu. Nilianza na filamu ya kwanza kwenye orodha, nikaendelea kwa mpango wake. Nilifika ya sita. Nilidhani nitajua nikifika kwa Nassir, lakini mtu hajui; filamu iliyozungushwa ni nyeusi yote. Zamani tulivipeleka vile vipande jaani, na watoto waliviokota wakavitazamia jua. Siku ile shahidi alikuwa na amri mpya. Tulivitia ndani ya pipa tukavimiminia mafuta ya taa. Vilijikunja, vikatoa moshi mweusi, vikawa donge. Yeye akaandika, nami nikatia saini.

Nilifika nyumbani mama yuko jikoni.

"Wanuka nini?"

"Tumechoma taka za bohari."

Hakuridhika. Alikuja karibu, akalishika buibui langu akalinusa, na nadhani alijua kabla sijasema. Aliuliza, "Na Nassir?"

"Muda wake umekwisha, mama. Kule Amerika ipo nyengine."

Mama hakunipigia kelele. Alikaa kwenye kibago akaniambia jambo ambalo sikulijua. Aliniambia kwamba tangu alipoanza kumtazama Nassir kwenye filamu, Nassir mwengine alimtoka akilini. Yule aliyezaliwa, yule aliyeumwa na surua, yule aliyekuwa akirudi kutoka Shimanzi na mafuta ya gari shingoni, wote walifutika mmoja mmoja, kwa kuwa yule wa filamu alikuwa wazi zaidi yao. Alibaki na huyo mmoja tu.

"Sasa na huyo umemkata," alisema. "Mimi nitamwona wapi?"

Aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo. Alinipikia, alinifulia, aliniombea dua mbele ya watu. Jina la Nassir hakulitaja tena mbele yangu.

Bwana Jeevan alistaafu kabla yangu, akaenda kuishi na mwanawe ng'ambo. Siku ya kuhamisha vitu vyake aliniita nyumbani, akafungua mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na vipande vya filamu, mamia, kila kimoja picha mbili tatu, ndani ya karatasi ya sigara iliyoandikwa kwa mkono wake. Farasi, wanawake, treni, mtu na mbwa. Alikuwa akiiba miaka yote ile, nami niliyefumba macho kwa kukagua sikumjua. Nilivipitia vyote mpaka chini.

"Chako hakimo," alisema. "Nilikuachia wewe mwenyewe. Nilidhani umekata."

"Sikukata."

Alikohoa. Kisha akaufunga mkebe, akaketi juu ya sanduku lake la safari kungoja gari.

Nyumba za sinema zilifungwa moja baada ya nyengine, nyengine zikawa maduka, nyengine zikawa nyumba za ibada. Video ilitula, kisha nayo ikaliwa. Bohari lilifungwa, nami nikapewa mkono wa kwaheri. Hayo mmeyasikia kwa kila mtu, sitawachosha.

Mwaka jana Rukia, ambaye ni mjukuu wa dada yangu, alinikuta nikimweleza jirani habari za Nassir. Alitoa simu yake, akauliza jina la filamu, na kabla chai haijapoa akanambia, "Nyanya, ipo. Imesafishwa. Waitangaza kuwa kama mpya."

Sikulala vizuri wiki ile. Jumamosi alikuja na kompyuta, tukafunga mapazia mchana, tukakaa kitandani mimi na yeye. Kweli ilikuwa safi. Mvua yote imeondoka. Niliona rangi za milango ya Mji wa Kale ambazo nilikuwa nimezisahau. Nilimwambia Rukia, "Sasa hivi. Huyu akifungua mlango huu, anaingia kichochoroni." Mkubwa wa mchezo alifungua mlango. Akawa yuko bandarini.

"Rudisha nyuma," nilimwambia.

Akarudisha. Mlango, bandari. Alirudisha mara saba. Kichochoro hakikuwemo.

Rukia aliiandikia kampuni. Ile ya zamani ilikwisha kuuzwa, na iliyoinunua nayo ikauzwa, lakini mtu mmoja alitujibu, kwa upole mkubwa, namshukuru. Alieleza kwamba filamu ile ilifupishwa Amerika mara tu ilipotoka, ili onyesho moja zaidi litoshe kwa siku. Ile ndefu ilikwenda nchi za nje tu. Asili ya vipande vilivyotolewa haikuwekwa. Ghala lilihitaji nafasi. Ya kwetu, ile iliyokwaruzwa, ndiyo iliyokuwa nzima. Mwisho wa barua aliuliza kama sisi wa Afrika Mashariki tunajua kopi yoyote iliyosalia huku, popote, hata rili moja, kwa sababu wao wangependa sana kuipata.

Rukia alinisomea mara mbili. Kisha akaweka vidole juu ya kompyuta, akangoja.

"Niwajibu nini, nyanya?"

"Waambie haipo. Waambie iliharibiwa kwa amri yao, hati wanayo wao, na saini iliyo chini ni yangu."

Aliandika. Akauliza kama awaeleze pia kwamba yule muuza kahawa hakuwa muuza kahawa, kwamba alikuwa na jina. Nilimwambia aandike. Akaandika Nassir, utingo, Shimanzi, miaka kumi na tisa, akaituma.

Hiyo ni miezi minane sasa. Hawajajibu, wala sioni watajibu nini.